Modeli ya mnyama kwa uchakavu wa diski na maumivu ya mgongo: kipanya, panya, sungura, mbuzi au diski ya machinjioni?

Kabla ya kulinganisha mnyama na mnyama, amua unachunguza nini: diski iliyochakaa, au mgongo unaouma. Mapendekezo mengi ya utafiti huyataja yote mawili kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo kazi ya miaka miwili huanza kwenda kombo. Mwaka 2015 Brinjikji na wenzake walichapisha mapitio ya picha za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Uchakavu wa diski ulionekana kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20 na asilimia 96 ya watu wa miaka 80. Kwa hiyo diski inaweza kuchakaa bila mwenyewe kujua. Modeli iliyokupa diski mbovu haijakupa maumivu hata kidogo, mpaka uyapime.

Msimamo wetu ni kwamba hakuna mnyama mmoja anayejibu vizuri maswali yote mawili. Panya na vipanya wanafaa kwa maumivu. Mbuzi na kondoo wanafaa kwa tiba inayoingizwa ndani ya diski. Sungura yuko katikati, na umaarufu wake unatokana zaidi na urahisi wa kumfanyia upasuaji kuliko kufanana kwake na binadamu. Diski ya mkia wa ng'ombe kutoka machinjioni hujibu maswali ya seli, chakula na mzigo bila kumjeruhi mnyama hata mmoja kwa ajili ya utafiti, nayo hutumika kidogo kuliko inavyostahili.

(Humu "kipanya" ni yule mdogo wa maabara mwenye gramu 25 hivi, na "panya" ni yule mkubwa wa gramu 300 na zaidi.)

## Diski ya binadamu inatofautiana wapi

Diski ni kiini cha rojorojo chenye maji mengi, kilichozungukwa na pete ya nyuzi za kolajeni, juu na chini yake mna mabamba ya gegedu yanayoiunganisha na pingili. Muundo huo ni uleule kwa wanyama wote tunaowalinganisha. Zinazobadilisha majibu ni tofauti tatu.

Ya kwanza ni ukubwa, na ukubwa hapa maana yake ni chakula. Ndani ya diski hamna mishipa ya damu. Sukari na oksijeni hupenya polepole kupitia mabamba ya gegedu, na katika diski ya kiuno ya mtu mzima seli za katikati zinaweza kuwa milimita 6 hadi 8 kutoka kwenye mshipa wa damu ulio karibu. Kwa kipanya umbali huo haufiki milimita moja. Tiba ya kupandikiza seli inaweza kufanya vizuri kwa mnyama mdogo kwa sababu tu seli zinapata chakula, kisha seli zilezile zikafa njaa ndani ya diski kubwa iliyochakaa.

Ya pili ni seli za notokodi, zinazobaki kwenye kiini tangu mnyama akiwa kiinitete. Kwa binadamu hutoweka utotoni. Vipanya, panya, sungura na nguruwe huwa nazo hata ukubwani, ilhali kondoo, mbuzi, ng'ombe na mbwa wa aina zenye miguu mifupi huzipoteza kama sisi. Seli hizi hutengeneza proteoglaikani, molekuli zinazoshika maji ndani ya diski, kwa wingi na huzichochea seli jirani zifanye hivyo. Diski yenye notokodi inaweza kujirekebisha yenyewe baada ya jeraha dogo. Ukipima dawa ya kuponya diski kwa panya mchanga na diski ikapona, hujui kama aliyeponya ni dawa au ni notokodi.

Ya tatu ni mzigo, na hapa pana hofu kubwa kuliko inavyostahili. Hoja ya kawaida ni kwamba mnyama wa miguu minne hafai kwa sababu mgongo wake umelala. Mwaka 2002 Theo Smit alionyesha kwamba vijiti vya mfupa ndani ya pingili za wanyama hao vimejipanga kufuata mhimili wa mgongo, ishara kwamba mzigo mkuu unabana kwa urefu wa mgongo, kwa nguvu ya misuli na kano. Mgongo uliolala unahitaji misuli ivute sana ili usipinde. Kwa sababu hiyo hatuoni haja ya modeli ya panya anayelazimishwa kusimama kwa miguu miwili, hasa ile ya kukatwa miguu ya mbele. Mateso yake ni makubwa, na panya huyo hutumia muda mwingi amekaa au amejikunja, si kusimama.

| Diski | Kimo kwa kukadiria | Notokodi ukubwani | Asilimia 40 ya kimo | Sindano iliyo karibu na kipimo hicho (G ni geji: namba ikiwa kubwa, sindano ni nyembamba) |
|---|---|---|---|---|
| Binadamu, kiuno | mm 11 | hazipo | mm 4.4 | – |
| Ng'ombe, mkia | mm 7 | hazipo | mm 2.8 | – |
| Mbuzi, kondoo, kiuno | mm 4 | hazipo | mm 1.6 | G16 (mm 1.65) |
| Sungura, kiuno | chini ya mm 2 | zipo | chini ya mm 0.8 | G21 (mm 0.82) |
| Panya, kiuno na mkia | mm 0.9–1 | zipo | mm 0.4 | G27 (mm 0.41) |
| Kipanya, kiuno na mkia | mm 0.3 | zipo | mm 0.12 | hakuna. G33 ni mm 0.21 |

## Kwa nini safu ya asilimia 40 ni muhimu kuliko jina la mnyama

Njia inayotumika zaidi kuchakaza diski ni kuichoma sindano. Mwaka 2008 Elliott na wenzake walikusanya matokeo ya wanyama mbalimbali na kuona kwamba kinachoamua si geji ya sindano peke yake, bali uwiano wa kipenyo cha sindano na kimo cha diski. Uwiano ukipita takriban asilimia 40, mabadiliko ya diski huonekana waziwazi. Ukiwa chini ya hapo, matokeo huyumba: wanyama wengine huchakaa na wengine hupona.

Hesabu hiyo ifanyie kazi pande zote mbili. Ukitaka kuharibu, chagua sindano inayopita kizingiti. Kwa sungura, G18 yenye milimita 1.27 inapita kwa mbali, na G21 iko mpakani. Ukitaka kuingiza dawa bila kuharibu, kaa chini yake kabisa. Kwa mbuzi, G22 yenye milimita 0.72 ni asilimia 18 tu ya kimo. Kwa panya, hata G30 yenye milimita 0.31 ni kama theluthi ya kimo, hivyo kundi lililodungwa maji ya chumvi peke yake ni la lazima, na usishangae nalo likichakaa kidogo. Kwa kipanya hakuna njia ya kupita: hata sindano ya G33 ni asilimia 70 ya kimo cha diski. Kila dawa unayoingiza kwenye diski ya kipanya unaiingiza pamoja na jeraha. Hoja hii peke yake inatosha kumwondoa kipanya kwenye orodha ya tiba za kudunga ndani ya diski.

Kuwa chini ya kizingiti hakumaanishi usalama wa kudumu. Mwaka 2009 Carragee na wenzake waliwafuatilia watu waliodungwa diski kwa uchunguzi miaka 7 hadi 10 kabla, kwa sindano za G22 na G25, yaani kama asilimia 5 hadi 7 ya kimo. Diski zao zilichakaa haraka kuliko za wenzao ambao hawakudungwa. Kizingiti cha asilimia 40 ni kanuni ya majaribio ya wiki na miezi. Miaka kumi ni jambo jingine.

Ujazo nao una mipaka. Diski ya kiuno ya panya hupokea mikrolita 2 hadi 2.5, ya sungura 10 hadi 25, ya mbuzi 100 hadi 200. Ukizidisha, kioevu hurudi kupitia tundu la sindano na dawa huishia kwenye misuli. Dunga polepole, acha sindano mahali pake nusu dakika baada ya kumaliza, ndipo uitoe. Ukiona tone linafuata sindano, liandike kwenye kumbukumbu ya mnyama huyo siku hiyohiyo, maana baadaye utahitaji kueleza kwa nini yeye ndiye hakuitikia dawa.

## Maumivu: panya dhidi ya kipanya

Nguvu ya kipanya iko kwenye jeni na muda. Kipanya asiye na jeni ya SPARC, protini inayosaidia kupanga kolajeni, huchakaa diski mwenyewe kadiri anavyozeeka, bila kisu. Huonyesha unyeti wa ngozi kwa baridi na kuguswa, na hukwepa kunyooshwa mgongo. Protini hiyohiyo hupungua kwenye diski zilizochakaa za binadamu, jambo linaloipa modeli hii mzizi wa kweli. Bei yake ni subira: unafuga kwa miezi, mara nyingi kupita mwaka, na wanyama wengine hufa njiani. Tena ukosefu wa SPARC hauishii kwenye diski. Vipanya hawa hupata mtoto wa jicho na mifupa yao ni hafifu. Ukiwapima kwa jaribio linalotegemea kuona, au kwa kutembea kwenye uwanja wazi tu, utahesabu upofu kama maumivu.

Ukitaka kipanya na majibu ya haraka zaidi, kuna modeli ya kuyumbisha kiuno. Unaondoa miiba ya nyuma ya pingili za kiuno, L3 hadi L5, pamoja na kano zinazoiunganisha, bila kugusa diski. Uzuri wake ni kwamba inaelekeza macho kwenye mabamba ya mwisho wa pingili. Mabamba hayo huwa na matundu, na neva za hisi huota ndani yake. Mwaka 2019 kazi ya vipanya wa modeli hii ilionyesha kwamba osteoklasti, seli zinazokula mfupa, hutoa netrini-1 inayozivuta neva hizo. Kwa anayechunguza maumivu yanayotoka kwenye mfupa unaoigusa diski, hii inashinda kuchoma sindano. Kasoro yake ni misuli ya mgongo iliyojeruhiwa, inayouma yenyewe wiki za mwanzo, hivyo kundi la upasuaji wa kuigiza lazima litenganishwe misuli kwa upana uleule.

Panya ana faida mbili: mwili mkubwa wa kufanyia upasuaji wa kiuno kupitia tumboni, na tabia iliyozoeleka kupimwa. Diski za L4/5 na L5/6 ndizo huchomwa zaidi, na baadhi ya maabara huongeza protini ya mchochota, TNF-alfa, ndani ya diski ili mchochota udumu. Mahali panapoharibika mara nyingi ni palepale sindano inapopita. Ukikosea pembe unaingia kwenye pingili, unapata kuvunjika kwa bamba, na modeli yako imebadilika bila wewe kujua. Ukizidisha kina unatokea nyuma na kugusa mizizi ya neva, kisha unaripoti "maumivu ya diski" ambayo ni jeraha la neva. Weka kizuizi kwenye sindano, mfano kipande cha mrija wa plastiki, kinachoacha wazi urefu unaotakiwa tu, na baada ya kuua mnyama kata sampuli uone njia ya sindano kwa kila mmoja.

Diski za mkia huvutia kwa sababu hazihitaji kufungua tumbo: unazihesabu kwa vidole, unathibitisha kwa eksirei, unachoma diski kati ya pingili za mkia, Co6/7 au Co8/9, kupitia ngozi. Kwa uchakavu wa diski peke yake tunazipendekeza. Vifaa vya pete na pini vinavyobana mkia pia vimefundisha mengi kuhusu mzigo. Lotz na wenzake mwaka 1998 walibana mikia ya vipanya kwa 0.4, 0.8 na 1.3 MPa (megapaskali, kipimo cha shinikizo) kwa wiki moja na kuona pete ikivurugika na seli zikifa kadiri mzigo ulivyozidi. Kwa maumivu ya mgongo, hapana. Mkia hauna viungo vya nyuma wala misuli ya kiuno, na unyeti wa mkia hauelezi mgonjwa anayeshindwa kukaa.

Jaribio la maumivu linalotumika kila mahali ni nyuzi za von Frey. Panya hukaa kwenye sanduku juu ya wavu, huachwa angalau dakika 15 hadi 30 atulie, kisha uzi husukumwa katikati ya wayo mpaka upinde na kushikiliwa sekunde 6 hadi 8. Kwa njia ya kupanda na kushuka unaanza na uzi wa gramu 2: akivuta mguu unashuka, asipovuta unapanda, ndani ya masafa ya takriban gramu 0.4 hadi 15, ukihesabu kizingiti cha asilimia 50, yaani nguvu inayomfanya avute mguu nusu ya mara. Njia ni nzuri, lakini zingatia mahali unapogusa: ni wayo, si mgongo. Kinachopimwa ni unyeti uliosambaa kupitia mizizi ya neva na ugwe wa mgongo. Mgonjwa mwenye maumivu ya kiuno yasiyoshuka mguuni hayumo humo.

Kwa hiyo usikubali matokeo ya von Frey pekee. Ongeza kipimo cha shinikizo juu ya ngozi ya kiuno, na nguvu ya kushika, ambapo mnyama anashika wavu kwa miguu ya mbele na kuvutwa taratibu kwa mkia ili mgongo unyooke. Kwa vipanya ongeza kuning'inizwa kwa mkia dakika 3: mwenye mgongo unaouma hutumia muda mwingi kujikunja na kujiinua badala ya kutulia akining'inia. Kisha wape dawa, kwa mfano mofini au gabapentini. Kipimo ambacho hakibadiliki kwa dawa yoyote ya maumivu huenda kinapima udhaifu wa misuli tu.

Jambo moja la anatomia huwapotosha hata wazoefu. Diski ya L5/6 ya panya haipati neva kutoka L5 peke yake. Sehemu yake ya mbele huhudumiwa na mafundo ya neva ya mizizi ya nyuma ya L1 na L2, na sehemu ya nyuma na mafundo mengi, kuanzia T13 (pingili ya mwisho ya kifua) hadi L6. Ukichukua mafundo ya L4 na L5 tu kutafuta CGRP (protini ya neva za maumivu) au vipokezi vya kikuza-neva, unaweza kukosa kabisa neva zilizokuwa zikibeba taarifa. Chukua L1 na L2 kila mara.

## Sungura

Modeli ya sungura aliyechomwa sindano ilipangwa vizuri na Masuda na wenzake mwaka 2005, waliolinganisha G16, G18 na G21 kwenye sungura weupe wa New Zealand. Kabla yao wembe namba 11 ulitumika kupasua pete, na kiini kilimwagika mara moja. Sindano huleta uchakavu wa polepole unaofuatilika kwa eksirei. Ukichagua sungura, fanya hivi.

Tumia waliokomaa mifupa, miezi 6 na kuendelea. Walaze kwa ubavu, pita nyuma ya utando wa tumbo, sukuma misuli ya kiuno nyuma taratibu mpaka pete ya diski ionekane nyeupe na kung'aa. Choma L2/3 na L4/5, acha L3/4 katikati kama udhibiti, yaani diski ya kulinganisha isiyochomwa. Sindano ya G18, kina cha milimita 5 kwa kizuizi, sambamba na mabamba ya pingili. Ukitoa sindano, rojorojo kidogo ikichungulia kwenye tundu ni dalili kwamba umefika kwenye kiini. Ikitoka damu tu, huenda uliingia kwenye mfupa. Hesabu pingili kwa eksirei, si kwa mkono peke yake: sungura wengi wana pingili 7 za kiuno, lakini si wote, na kosa la ngazi moja hugeuza udhibiti kuwa mgonjwa.

Kimo hupimwa kwa faharasa: wastani wa kimo cha mbele, cha kati na cha nyuma cha diski, ukigawanywa kwa wastani wa kimo cha pingili mbili jirani, kisha asilimia ya kile cha kabla ya kuchoma. Kushuka huonekana ndani ya wiki 2 hadi 4. Kipimo hiki huharibiwa na mkao. Mgongo ukipinda kidogo mezani, au miale ikielekezwa pembeni mwa diski unayopima, utaona "kushuka" kusikokuwepo. Dawa ya usingizi iwe ya kina kilekile kila mara, kwani misuli iliyolegea huifanya diski ionekane ndefu.

Udhaifu wa sungura ni kwamba tabia yake ya maumivu ni ngumu kusoma. Ni mnyama wa kuwindwa, hutulia na kuficha. Kipimo cha sura ya uso kimekuwepo tangu mwaka 2012, lakini kinafaa kwa maumivu makali ya saa chache kuliko ya miezi. Mchague kwa kuchuja tiba za diski kabla ya mbuzi, basi.

## Mbuzi na kondoo

Kwa kipandikizi, jeli, seli au kifaa kinachotakiwa kufika kwa binadamu, hawa ndio hatua ya mwisho yenye maana: notokodi hazipo, diski ina milimita 4, na MRI ya hospitali inatosha kuipiga picha.

Uamuzi mkubwa hapa ni namna ya kuchakaza. Kondoo hukatwa pete ya nje, njia iliyoelezwa na Osti na wenzake mwaka 1990: mkato wa kina cha milimita 5 kwa kisu, bila kufika kwenye kiini. Pete ya nje hupona, lakini ile ya ndani hupasuka taratibu, na ndani ya miezi 4 hadi 12 kiini kimechakaa. Njia hii inafaa sana kwa anayetafuta namna ya kuziba pete.

Kwa mbuzi, kimeng'enya cha kondroitinasi ABC hudungwa kwenye kiini na kukata minyororo ya proteoglaikani inayoshika maji. Kwa ujazo wa mikrolita 200, uniti 1 huleta uchakavu wa wastani na uniti 5 uchakavu mkali, ndani ya wiki 12 hivi. Pete inabaki na tundu dogo la sindano tu, kwa hiyo kiini unachokuja kukitibu bado kimefungwa. Kwa tiba ya kudunga tunachagua njia hii bila kusita. Angalizo ni kimeng'enya chenyewe. Nguvu yake hutofautiana kati ya shehena na shehena na hupungua kila kinapogandishwa na kuyeyushwa, hivyo kigawe kwenye vichupa vya matumizi ya mara moja, na jaribu kila shehena mpya kwenye diski za machinjioni kwanza. Subiri pia kimalize kazi kabla ya kutibu. Ukidunga seli wiki ya pili, kimeng'enya kilichobaki kitakata kile zinachotengeneza. Japani iliidhinisha kimeng'enya cha jamii hiyohiyo mwaka 2018 kutibu diski iliyotokeza na kubana neva.

Maumivu ya mbuzi na kondoo hupimwa kwa uchache na kwa shida. Usiahidi.

## Mbwa, nguruwe na nyani

Mbwa ana kitu ambacho wengine hawana: anaugua mwenyewe. Hansen alieleza aina mbili za ugonjwa wake wa diski mwaka 1952, na mwaka 2017 nakala ya ziada ya jeni ya FGF4 kwenye kromosomu ya 12 ilihusishwa na aina ya mbwa wa miguu mifupi. Njia bora ni kuwashirikisha mbwa wagonjwa wanaoletwa kliniki, kwa ridhaa ya wenyewe: unapata ugonjwa wa kweli na unampa mnyama matibabu.

Nguruwe amebaki na notokodi, kwa hiyo si chaguo la kupima uponyaji. Alitoa hata hivyo moja ya majibu muhimu kuliko yote: mwaka 1993 Olmarker na wenzake waliweka kiini cha nguruwe mwenyewe juu ya mizizi ya neva zake, bila kuibana, na kasi ya neva ikapungua. Kwa mchochota wa mizizi ya neva, nguruwe bado ana nafasi. Nyani na jamaa zake huchakaa kwa uzee kama sisi, lakini ni vigumu kukubali kuwatumia wakati mbuzi anajibu swali lilelile.

## Diski ya mkia wa ng'ombe

Mkia mmoja hutoa diski 4 hadi 6 zinazofaa. Chukua mkia ndani ya saa chache baada ya kuchinjwa, osha ngozi kwa povidoni-ayodini kabla ya kuichuna, kwa sababu uchafuzi mwingi wa bakteria huanzia hapo. Kata pingili kwa msumeno karibu na bamba, kisha safisha mabamba kwa mfyatuko wa maji ya chumvi. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoua majaribio: damu iliyoganda ndani ya matundu ya mfupa huziba njia ya chakula, na siku chache baadaye seli za katikati zimekufa huku za pembeni zikionekana nzima.

Usiiache diski iogelee bila mzigo. Itavimba na kupoteza proteoglaikani. Mpangilio wa kawaida ni mzigo wa 0.02 hadi 0.2 MPa kwa 0.2 Hz saa kadhaa kwa siku, na mapumziko chini ya mzigo mdogo. Ili kuielewa namba hiyo, mwaka 1999 Wilke na wenzake walipima ndani ya diski ya mtu aliyejitolea: 0.1 MPa akilala, 0.5 akisimama, na 2.3 akiinua kilo 20 kwa mgongo uliopinda. Ukitaka uchakavu, punguza sukari ya kioevu cha lishe kutoka gramu 4.5 hadi gramu 2 kwa lita na uongeze kasi na ukubwa wa mzigo, au dunga kimeng'enya. Diski hudumu wiki kadhaa. Haina neva zinazoishi wala kinga ya mwili, kwa hiyo swali la maumivu halipo kabisa. Lakini dozi, sumu na uhai wa seli vinaweza kuamuliwa hapa, na wanyama wengi hai wakaokolewa.

## Hesabu na dawa za maumivu

Diski tatu za sungura mmoja si sungura watatu. Kwa histolojia (uchunguzi wa tishu kwa hadubini) unaweza kulinganisha ngazi na ngazi ndani ya mnyama, mradi uchambuzi ujue kwamba zinatoka mwili mmoja. Kwa maumivu huwezi hata hivyo: mnyama mzima ndiye anayeumwa, hivyo udhibiti ni mnyama mwingine aliyefunguliwa na kufungwa bila kuchomwa. Mgao uwe wa bahati nasibu, jinsia zote ziwemo, na anayepima asijue nani yuko kundi gani. Kwa histolojia tumia mfumo wa alama wa mnyama wako. Jarida la JOR Spine lilitoa mifumo hiyo kwa jamii kadhaa mwaka 2021.

Dawa ya maumivu baada ya upasuaji haiachwi kwa kisingizio cha kutovuruga matokeo. Kwa panya, buprenofini kwa kawaida ni 0.01 hadi 0.05 mg/kg kila saa 8 hadi 12 kwa siku 2 au 3, kwa idhini ya daktari wa mifugo, na vikundi vyote vipate sawa. Meloksikamu hupunguza mchochota, kwa hiyo ukiitumia itumie kwa wote na uiandike. Vipimo vya tabia vianze baada ya wiki moja au mbili, kidonda kikishatulia: maumivu unayoyatafuta ni yale yanayobaki wiki ya 4 hadi ya 12. Kwa sungura, buprenofini hupunguza mwendo wa utumbo, hivyo hesabu kinyesi na chakula kila siku. Sungura asiyepata choo kwa nusu siku anahitaji daktari siku hiyohiyo.